Usiku wa wasiwasi Batsinda: Simu ya bure iliyonifungulia mlango

ILIKUWA saa tisa usiku, mwishoni mwa Aprili 2022, hapa Batsinda. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Niliamka ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, viganja vimelowa jasho, kifua kimebana, na vidole vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Nikajua siku yangu imefika.

Sikumwamsha mke wangu. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikaanza kupiga hesabu: mkopo wa ushirika umebakiza miezi mingapi, mtoto mkubwa atalipiwa na nani, daftari la mahudhurio nani atalishika kesho. Baada ya dakika kama kumi hali ikatulia yenyewe. Asubuhi nilivaa shati, nikaenda shuleni, nikafundisha hesabu za sehemu kama kawaida.

Hali hiyo ilirudi mara tatu katika wiki mbili. Mara ya tatu ilinikuta darasani, chaki mkononi, mbele ya wanafunzi zaidi ya 50. Niliwaambia wafungue kitabu wasome kimya kimya, nikatoka nje nikashika ukuta.

Ndipo nilipokwenda hospitali. Daktari alinisikiliza kifua, akanipima shinikizo la damu, akanipitisha kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Majibu yalitoka mazuri. "Mwalimu, moyo wako ni mzima," aliniambia. "Kuna jambo lolote linalokusumbua?" Nikamjibu upesi: "Hakuna, daktari." Nikachukua karatasi zangu nikaondoka.

Makala haya yametokana na jibu hilo. Ni jibu ambalo wengi wetu hulitoa kila siku, kwa daktari, kwa mke, kwa mchungaji na kwa sheikh, huku tukijua kabisa kwamba si la kweli.

Moyo mzima, mwenye moyo mgonjwa

Kilichonipata wataalamu wanakifahamu vizuri. Ni shambulio la hofu ya ghafla. Mwili wa binadamu una king'ora chake. Ukiona nyoka njiani, king'ora hulia, damu hukimbilia miguuni, moyo huongeza kasi, pumzi huwa fupi fupi, ili ukimbie au upigane. Shida huja pale king'ora kinapolia na nyoka hayupo. Mwenye mwili hudhani anakufa kwa moyo, na hofu hiyo ya kufa nayo huzidisha mapigo. Kwa kawaida shambulio hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha hushuka.

Hata hivyo, msomaji asichukue maneno haya kuwa ruhusa ya kupuuza maumivu ya kifua. Kwanza upimwe. Maumivu ya kifua ni ya daktari mpaka yeye mwenyewe aseme moyo ni salama. Mimi nilipimwa, nikaambiwa ni salama. Kosa langu lilianza baada ya hapo.

Tena siko peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili uliofanywa nchini Rwanda mwaka 2018, chini ya Kituo cha Tiba cha Rwanda, yaani RBC, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 20.5, alikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Huzuni kali, ile ambayo kwa Kinyarwanda huitwa agahinda gakabije, ilikuwa asilimia 12. Maradhi ya hofu ya ghafla yalikuwa asilimia 8.1. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, zaidi ya nusu, asilimia 52.2, walikuwa na tatizo moja au zaidi.

Lakini takwimu iliyonishtua mimi ni nyingine. Katika utafiti huo huo, zaidi ya watu sita kati ya kumi walisema wanajua kwamba huduma za afya ya akili zipo. Waliosema wamewahi kuzitumia walikuwa asilimia 5.3 tu. Kwa maneno mengine, wengi wanajua mlango uko wapi, lakini hawabishi hodi.

Kwa nini? Wahenga wa Kinyarwanda wana msemo: amarira y'umugabo atemba ajya mu nda. Machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Nimelelewa na msemo huo, na nadhani wasomaji wengi wanaume wamelelewa nao, hata wale ambao hawajawahi kuusikia.

"Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?"

Nilizaliwa mwaka 1980 katika makazi ya wakimbizi ya Muyenzi, wilayani Ngara, Tanzania. Wazazi wangu walivuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiwa vijana. Nilisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nikaimba wimbo wa taifa wa Tanzania gwarideni, nikachapwa viboko kwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kinyarwanda cha baba, chenye ng'ombe wengi ambao hatukuwa nao.

Nilikuwa na miaka 14 mwaka ule. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya takriban saa 24. Ulimwengu mzima uliona picha zao. Mimi niliona jambo jingine. Mjomba alikuwa amenichukua kwenye lori la ndizi, tukafika mtoni. Katika majira hayo mto Kagera ulikuwa unabeba maiti kutoka Rwanda, zikapita Rusumo, nyingine zikafika hadi Ziwa Victoria. Mjomba alinishika kichwa akanigeuzia upande wa pili. Alichelewa kidogo. Tangu siku hiyo sikula samaki kwa miaka mingi, na nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza sababu.

Familia ilirudi Rwanda, nami nikafuata nilipomaliza sekondari mwaka 1998. Nikawa mwalimu. Nikaoa. Baadaye tukahamia Batsinda, mtaa ambao wengi waliusikia kwa mara ya kwanza mwaka 2008, pale zilipojengwa nyumba za bei nafuu kwa ajili ya waliohamishwa kutoka Kiyovu ya maskini, katikati ya jiji. Kila mtu hapa ametoka mahali pengine. Labda ndiyo maana napapenda.

Sasa turudi Aprili 2022. Baada ya wiki ya kumbukumbu, tulipokuwa tumeanza muhula, nilikuwa nafundisha darasa la tano. Mtoto mmoja, mwerevu na mwenye adabu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, wakati ule wewe ulikuwa wapi?" Nikajibu: "Nilikuwa Tanzania." Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. "Kumbe wewe hukuona," akasema, kisha akakaa.

Hakukusudia ubaya wowote. Nami nilikubaliana naye kimoyomoyo. Ni kweli, sikuona walichoona wengine. Nina jirani ambaye alitoka katika familia ya watu kumi na mmoja akabaki peke yake, na kila asubuhi ananisalimia kwa tabasamu. Mimi ni nani niseme naumwa? Niliyekuwa nacheza mpira Ngara?

Usiku ule ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio.

Simu iliyopokewa

Namba nilikuwa nayo. Katika siku za kumbukumbu namba za bure za msaada hutangazwa redioni na kwenye simu. Niliiandika nyuma ya daftari la maandalio ya masomo, nikijiambia ni kwa ajili ya wanafunzi. Ilikaa humo karibu mwezi mzima.

Mara ya kwanza nilipiga, ikaita, sauti ya mwanamke ikasema "Muraho", nikakata. Niliona haya kama mtoto aliyebisha hodi kwa jirani akakimbia. Mara ya pili ilikuwa siku mbili baadaye, jioni, mvua ikipiga mabati. Nilitoka nikasimama jikoni, kile kijumba cha nyuma chenye mkaa na masufuria. Hapa kwetu nyumba zimekaribiana, mtu akipiga chafya jirani humtakia afya. Mvua ndiyo iliyokuwa ukuta wangu.

Nilianza kwa Kinyarwanda. Nilimweleza habari za kifua na za usingizi. Nilipofika kwenye mto, maneno yakagoma. Kinyarwanda changu ni cha shuleni na cha sokoni, naweza kuendeshea mkutano wa wazazi. Lakini mtoto wa miaka 14 aliyekuwa kwenye lori la ndizi hakuwa na Kinyarwanda cha kueleza alichokiona. Alikuwa na Kiswahili. Nikajikuta nimeingia humo bila kuomba ruhusa. Nikanyamaza, nikasema samahani.

"Sema tu Kiswahili, kaka," alinijibu. "Mimi nilikomalia Bukavu."

Wakongo husema nilikomalia wakimaanisha nilikulia. Nililia pale jikoni, nimesimama, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika mlango usifunguke.

Hakunikatiza. Baadaye aliniuliza maswali machache ya moja kwa moja: uko wapi sasa hivi, uko na nani, umepata wazo la kujidhuru? Nilishangaa lile la tatu lilivyoulizwa bila kuzunguka. Nikasema hapana, na ilikuwa kweli. Kisha akanifundisha kupumua: vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwa sababu hiyo ndiyo inayoutuliza mwili. Tulifanya pamoja mara nane au kumi.

Mwishoni nikamweleza lililokuwa linanikaba. Nikamwambia naona aibu kupiga, maana wapo waliopitia makubwa. Jibu lake sijalisahau. "Hapa hatupimi nani ameumia zaidi, kaka. Tunauliza nani anaumia sasa."

Simu ilichukua karibu nusu saa. Haikukata hata faranga moja. Na haikunitibu. Ilinipa mambo matatu: usingizi wa usiku ule, jina la kile kinachonisumbua, na ahadi kwamba wiki ile ile ningekwenda kumwona mwanasaikolojia wa hospitali. Nilikwenda. Nilikwenda mara sita.

Kwa nini sauti inasaidia

Kusaidiana kwa simu si jambo geni. Mwaka 1953 jijini London, kasisi mmoja aitwaye Chad Varah alitangaza namba ya simu kwa watu waliokuwa wanafikiria kujiua. Watu walikuwa wengi kuliko muda wake, hivyo akatafuta watu wa kujitolea wawakaribishe wageni na kuwapa chai huku wakimsubiri. Muda si mrefu akagundua kwamba wengi walipomaliza kuzungumza na wale wa chai, hawakuhitaji tena kumwona yeye. Mwaka uliofuata aliwakabidhi kazi hiyo watu wa kujitolea. Ndivyo lilivyoanza shirika la Samaritans.

Waafrika nao wameonyesha jambo hilo hilo kwa njia yao. Mwaka 2006 huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, ukihusisha watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Siri iko wapi? Wasiwasi hustawi gizani. Wazo likizunguka kichwani peke yake huonekana halina mwisho. Likisemwa kwa mdomo, mbele ya mtu asiyeshtuka wala kuhukumu, hupata mwanzo na mwisho. Simu inaongeza faida moja ambayo benchi haina: hakuna anayekuona. Kwa mwalimu, askari, kiongozi wa dini au mwanasiasa, watu ambao mtaa mzima unawajua, hilo si jambo dogo.

Namba zipo, lakini zikague

Hapa Rwanda namba ya kwanza ya kukumbuka ni 114. Ni namba ya bure ya sekta ya afya chini ya RBC, iliyojulikana sana wakati wa korona mwaka 2020, na ambayo hutangazwa pia kwa ajili ya wenye shida za afya ya akili, hasa katika kipindi cha kumbukumbu. Ya pili ni 912, ya gari la wagonjwa. Hiyo ni ya hatari: mtu amepoteza fahamu, amekunywa sumu, au anataka kujidhuru sasa hivi. Kwa mtoto ni 116, ambayo pia ndiyo namba ya watoto kwa majirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda. Aliyepigwa au kunajisiwa anaweza kupiga 3029 ya vituo vya Isange, vilivyoanzishwa mwaka 2009 ili kumpa mwathirika daktari, mshauri na polisi mahali pamoja.

Lakini namba nazo huzeeka na kufa. Wengi mtakumbuka Babyl. Kuanzia mwaka 2016 Mnyarwanda aliweza kubonyeza *811# akazungumza na muuguzi au daktari kwa simu, na watu zaidi ya milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2023 kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ilianguka, na huduma ikafungwa hapa nchini. Hadi leo ukipekua daftari za watu utaikuta namba hiyo imeandikwa kwa wino mwekundu.

Somo lake ni hili: usisubiri usiku wa shida ndipo ujue kama namba inapokelewa. Ipige mchana, ukiwa mzima. Uliza mambo manne. Mnapokea saa ngapi? Mnazungumza lugha zipi? Ni bure kwa mtandao wangu? Mazungumzo yanabaki siri kiasi gani? Hakuna atakayekukasirikia. Kuuliza si ujinga.

Hilo la lugha nalisisitiza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na tumekiona kwenye mitaala na kwenye mikutano ya Jumuiya. Lakini lugha rasmi ya serikali na lugha ya kulilia ni vitu viwili. Katika mtaa kama wetu wapo waliokulia Bujumbura, Kigoma, Goma, Kampala na Nairobi. Mpigaji asione haya kuomba mtu wa lugha yake. Na wanaosimamia huduma hizi wajue kwamba mshauri mmoja wa Kiswahili kwenye zamu ya usiku ana thamani kubwa kuliko mabango kumi.

Mitandaoni kuna ngano na magugu

Vijana watasema: mwalimu, simu ya kuzungumza ni ya wazee, sisi tunatafuta kwenye intaneti. Sawa. Mle ndani kuna mambo mazuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka 2020 kijitabu cha bure chenye picha na mazoezi ya kusikiliza, kinachofundisha kukabiliana na msongo wa mawazo hatua kwa hatua. Mafunzo yanayofanana na hayo, ya sauti zilizorekodiwa, yalijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake karibu 700 kutoka Sudan Kusini. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza vipindi vitano, wakiongozwa na watu wasio wataalamu wa tiba. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua zaidi ya ile ya wanawake ambao hawakupata mafunzo hayo, na tofauti ilionekana bado baada ya miezi mitatu. Ikiwa sauti iliyorekodiwa imewasaidia wanawake waliokimbia vita, haiwezi kukosa la kumwambia mwanafunzi anayeogopa mtihani.

Aidha, siku hizi kuna programu za akili bandia ambazo mtu huziandikia saa nane za usiku zikamjibu papo hapo. Nimezijaribu. Zinaeleza vizuri wasiwasi ni nini, na hazichoki. Lakini hazikujui, huweza kukosea kwa kujiamini kabisa, na hazitatoka kwenda kumgongea mlango jirani yako ukizidiwa. Ziwe kitabu cha kusoma, zisiwe mtu wa kutegemea.

Magugu nayo ni mengi. Jihadhari na anayekuahidi kupona kwa siku tatu. Jihadhari na anayeomba pesa kwa simu kabla hujamaliza kueleza tatizo. Jihadhari na anayekuambia uache dawa za hospitali. Jihadhari na kundi la WhatsApp ambamo siri yako itasomwa na watu 200 usiowajua, mmoja wao akiwa shemeji yako. Mshauri wa kweli hukuuliza usalama wako kwanza, halafu hukuelekeza kwa watu, hakufungi kwake.

Jinsi ya kupiga

Kwa faida ya anayesoma makala haya huku amekwisha kuiandika namba nyuma ya daftari, nitaeleza nilichojifunza.

Tafuta mahali. Mwenye kupanga chumba kimoja na watoto wanne anajua si kazi rahisi. Wapo wanaotembea hadi uwanjani jioni. Wapo wanaobaki ofisini wenzao wakiondoka. Mimi nilikuwa na jiko na mvua. Radio iliyofunguliwa nayo husaidia.

Andaa sentensi moja tu. "Sijalala vizuri kwa wiki tatu na naogopa." Inatosha. Kazi ya kuuliza yanayofuata ni yake.

Ukikata, piga tena. Ukikuta inatumika, piga tena. Ukipokewa na mtu ambaye hamkuelewana, kesho atakuwa mwingine.

Kabla ya kuaga, usikubali kuondoka bila hatua inayofuata: siku gani, wapi, kwa nani. Hapa ndipo simu nyingi hupotelea. Simu ni mlango tu. Ndani kuna kituo cha afya ambako kadi yako ya bima, iwe mitiweli au ya mtumishi, inafanya kazi, na hospitali ya wilaya yenye kitengo cha afya ya akili. Kwa waliozidiwa ipo Hospitali ya Ndera, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili nchini tangu mwaka 1972. Najua jina hilo linatisha. Tulipokuwa vijana, kumwambia mtu aende Ndera lilikuwa tusi. Umefika wakati wa kulifanya liwe anuani kama anuani nyingine.

Na wewe uliye karibu na mwenye shida, usimwambie jikaze. Amejikaza sana, ndiyo maana amefika hapo. Mwambie: nipo, tupige pamoja. Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize wazi. Swali hilo halipandi mbegu. Humpa mtu nafasi ya kutua mzigo. Akikubali kwamba ndivyo, usimwache peke yake, na 912 iko hapo.

Bado naamka mara moja moja saa tisa za usiku, hasa Aprili. Moyo ukianza mbio zake nahesabu nne kuingia, sita kutoka. Siku hizi namwamsha mke wangu. Yeye huniambia tu, "Haya, tupumue," kisha hurudi kulala kabla yangu.

Mwaka uliofuata mtoto mwingine wa darasa la tano aliniuliza swali lile lile. Mwalimu, wewe ulikuwa wapi? Safari hii sikuishia kwenye neno Tanzania. Niliwaambia kulikuwa na mto, nilikuwa na miaka kumi na minne, na mjomba alinishika kichwa. Darasa lilikuwa kimya. Kengele ya mapumziko ilipolia, msichana mmoja alibaki nyuma akaniuliza kama ile namba iliyo ukutani mtu wa nyumbani kwao anaweza kuipiga, hata kama hajaambiwa na daktari.

Nikamwambia anaweza. Tukainakili pamoja kwenye daftari lake, ukurasa wa kwanza, si wa nyuma.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Batsinda, Kigali.